Mng'ao si usafi

Rangi ya gari isiyong'aa, ambayo mafundi wengi huiita mati, ina kanuni moja inayomshangaza kila aliyelelewa katika imani ya kusugua: ukiisugua hung'aa, na ikishang'aa imeharibika. Sababu iko katika umbile la uso wake. Juu ya rangi ya kawaida hupakwa vanishi iliyo sawasawa, hivyo mwanga ukiipiga hurudi kwa pamoja upande mmoja, na jicho huona mng'ao. Vanishi ya mati huchanganywa na chembe ndogo mno, mara nyingi za silika, zinazouacha uso ukiwa na vilima na mabonde ambayo jicho haliwezi kuyatambua. Mwanga ukifika hapo hutawanyika kila upande, na rangi huonekana imetulia. Polishi hufanya kazi kwa kukata vilima. Kwenye gari la kawaida hiyo ndiyo tiba ya mkwaruzo. Kwenye gari la mati hilo ndilo jeraha lenyewe, kwa kuwa vilima vikishakatwa hakuna dawa ya kuvirudisha, na fundi hana la kufanya ila kupaka upya paneli nzima. Mwenye gari aliyetaka kuondoa doa la ukubwa wa sarafu hujikuta na doa jingine kubwa zaidi, linalometameta, alilolitengeneza kwa mkono wake na kwa nia njema. Hapo jambo la karakana linageuka kuwa swali la dini na la falsafa: je, kusafisha ni kuondoa kile kilichokivamia kitu, au ni kukilazimisha kitu kifanane na sura ya usafi tuliyonayo kichwani? Hoja ya makala haya ni kwamba mambo hayo mawili ni tofauti kabisa, kwamba mapokeo makubwa ya dini yalilijua hilo tangu zamani, na kwamba tunapolisahau, utakaso hugeuka ukatili.

Mji wa Kisangani, makao makuu ya mkoa wa Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unalipa swali hili uzito wa pekee. Gari za mati hapo ni chache. Wengi husafiri kwa pikipiki au kwa toleka, baiskeli za abiria zilizoupa mji sifa yake. Lakini rangi hii haikuanzia kwenye anasa. Majeshi yalipaka malori na vifaru vyao rangi isiyong'aa muda mrefu kabla ya matajiri kuipenda, ili bati lisirudishe jua na kumwonyesha adui mahali pa kupiga, na Kisangani imeyaona magari ya kijeshi ya mataifa kadhaa. Gari la mati likiletwa hapa leo, mazingira yatalijaribu kwa kila njia. Mji haufiki digrii moja kaskazini ya ikweta; mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na jua linaloifuata huchoma bati. Udongo ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichopata kutu ndani yake, na Barabara ya Taifa namba 4, inayotoka hapa kupitia Bafwasende na Mambasa kuelekea Beni, humvika kila msafiri udongo huo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Miti hudondosha utomvu, ndege na popo hudondosha kinyesi, wadudu wa msituni hujigonga kwenye boneti na kukauka. Na mji huohuo una historia ndefu ya kuzungumza juu ya utakaso. Uislamu uliingia pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na mwaka 1887 mmoja wao, Tippu Tip, alikubaliana na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuwa gavana wa eneo hili la maporomoko ya mto. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison alianzisha misheni ya Kikatoliki ya Saint-Gabriel. Wapo pia Waprotestanti, Wakimbangu, na makanisa ya uamsho ambayo leo husikika karibu kila mtaa. Wote hawa, kila mmoja kwa namna yake, wana neno la kusema juu ya doa.

Fundi mwenye ujuzi huanza kwa kuuliza doa ni la aina gani, maana yapo ya aina tatu. Aina ya kwanza imekaa tu juu ya uso: vumbi, tope, chumvi ya jasho la mikono. Hiyo huondoka kwa maji mengi, sabuni isiyo na nta wala mafuta ya kung'arisha, na kitambaa laini kinachosafishwa kila mara. Kosa kubwa ni kuipangusa ikiwa kavu, kwa sababu punje za udongo hugeuka msasa. Aina ya pili imeng'ang'ania: utomvu, lami, mabaki ya wadudu, chembe za chuma zinazoruka kutoka kwenye breki na kujichimbia kwenye vanishi. Hiyo haitaki nguvu, inataka kuyeyushwa. Kitambaa kilicholowa hulazwa juu ya mabaki ya mdudu kwa dakika kadhaa hadi yalainike; utomvu hudokolewa kwa alkoholi; lami hupewa kiyeyushi chake; chembe za chuma hunyunyiziwa dawa inayogeuka zambarau inapokutana na chuma, kisha huoshwa. Mkono hubonyeza na kuinua, haukokoti. Kazi yote hufanyika kivulini na bati likiwa limepoa, la sivyo dawa hukauka kabla ya kumaliza kazi yake na kuacha alama yake yenyewe. Aina ya tatu ni ngumu kueleweka kuliko zote, kwa sababu si kitu kilicho juu ya uso bali ni uso wenyewe uliobadilika. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki. Jua likiilainisha vanishi huku asidi ikiila, kisha vanishi ikapoa na kujikaza, hubaki kovu hata baada ya kinyesi chenyewe kuondoka. Kwenye gari la kawaida kovu hilo huparuzwa hadi uso uwe sawa. Kwenye mati, hakuna kilichobaki cha kuondolewa: mwenye kuendelea kusugua anasugua gari. Hapo fundi hodari hutambulika kwa kujua kuacha.

Wanafikra wa karne iliyopita walilitafakari doa kwa makini. Mwanaanthropolojia Mwingereza Mary Douglas, aliyefanya utafiti kati ya Walele wa Kasai kuanzia mwaka 1949, alichapisha mwaka 1966 kitabu alichokiita Purity and Danger, akieleza kwamba uchafu ni kitu kilichotoka mahali pake. Kwa mtazamo huo, udongo wa barabarani ni barabara tu. Ukipanda kwenye boneti ndipo unakuwa uchafu, na kuusafisha ni kurudisha mpango wa mambo. Miaka sita kabla yake, mwanafalsafa Mfaransa Paul Ricoeur alikuwa ameonyesha kwamba doa ndiyo lugha kongwe kuliko zote ya kuzungumzia uovu, kongwe kuliko lugha ya dhambi kama uhusiano uliovunjika, na kuliko lugha ya hatia iliyo ndani ya dhamiri. Uovu huonekana kama kitu kilichotoka nje, kikamgusa mtu, kikamwambukiza. Maelezo yote mawili yana nguvu, lakini yakichukuliwa bila tahadhari yanaweza kuacha dhana moja ikapita bila kuhojiwa: kwamba chini ya doa kuna uso uliosawazika, usio na neno lake wenyewe, unaongoja tu kufunuliwa. Kama ndivyo, basi kadiri unavyosugua ndivyo unavyoukaribia ukweli, na mng'ao ndio uthibitisho kwamba umefika. Rangi ya mati inaikanusha dhana hiyo waziwazi. Uso una umbile lake, na umbile hilo ndiyo thamani yake. Nalo ni dhaifu kuliko baadhi ya madoa yanayolishambulia. Msuguano haujui tofauti kati ya doa na kilima. Hukata kile kinachojitokeza, kiwe cha kigeni au cha asili, na kwa kuwa kilima cha asili mara nyingi hukatika upesi kuliko lami iliyoganda, anayesugua kwa bidii huanza kuharibu kabla hajaanza kusafisha.

Dini zilizoingia Kisangani zilikuwa na maarifa haya kabla ya kiwanda cha kwanza cha magari. Katika fikihi ya Kiislamu, najisi inayoonekana lazima iondolewe yenyewe, lakini wanazuoni wametofautisha kati ya dhati ya najisi na athari yake. Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud inasimulia kwamba Khawla binti Yasar alimuuliza Mtume kuhusu nguo iliyoingia damu ya hedhi, na alama inayokataa kutoka baada ya kufuliwa; jibu lilikuwa kwamba maji yanamtosha na alama ile haimdhuru. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika Afrika Mashariki, kanuni hiyo imechambuliwa zaidi: rangi peke yake ikibaki baada ya juhudi, husamehewa, ladha ikibaki haisamehewi kwa wepesi huo, kwa sababu ladha ni dalili kwamba dhati ya najisi bado ipo. Huo si uzembe. Ni uchunguzi makini unaouliza, kabla ya kuendelea kusugua, kama kilichobaki ni kitu au ni kumbukumbu ya kitu. Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento ulikabili swali linalofanana na hilo mwaka 1546: mtu aliyebatizwa husamehewa dhambi ya asili, lakini mvuto wa tamaa hubaki ndani yake, je, mvuto huo ni dhambi? Mtaguso ukajibu kwamba hapana: unatokana na dhambi na unaelekeza kwenye dhambi, lakini wenyewe si dhambi kwa aliyezaliwa upya, umeachwa ili apambane nao. Wafuasi wa Martin Luther hawakukubaliana na jibu hilo, na ubishi wao haukuwa mdogo. Hata hivyo pande zote mbili zilikiri kwamba mtu aliyetakaswa hubaki na alama, na kwamba kuwepo kwa alama hakuthibitishi kwamba utakaso umeshindwa. Msikiti na kanisa, kwa njia zisizofanana na bila kuigana, vimeweka mpaka mmoja: kuna mahali ambapo kazi ya kuosha huisha ingawa jicho halijaridhika.

Mpaka huo ukivunjwa, anayelipa si bati. Katika miji mingi ya Kongo, Kisangani ikiwa miongoni mwake, kuna watoto wanaoshutumiwa kuwa ndoki, yaani wachawi. Mzazi amefariki, kazi imepotea, ndugu mdogo anaumwa, na kidole kinaelekezwa kwa mtoto: mara nyingi yatima, au anayekojoa kitandani, au mkaidi, au mwenye kifafa, au mwenye akili nyingi kuliko umri wake. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2006 kuhusu watoto wa mitaani wa Kongo ilieleza jinsi baadhi ya wachungaji wanavyowafungia watoto hao kwa maombi ya ukombozi, wakiwanyima chakula na maji na kuwapiga ili wakiri. Sheria ya nchi haikunyamaza. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2006 inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamtishia mshutumu kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Lakini sheria inaadhibu kitendo. Haigusi fikra inayokizaa, na fikra hiyo ndiyo ileile ya kusugua. Mtoto anatazamwa kama uso uliovamiwa. Ukimya wake unahesabiwa kuwa doa lililong'ang'ania, hivyo nguvu inaongezwa. Hatimaye anakiri, analia, anasimama mbele ya waumini na kutoa ushuhuda, na wote wanamshukuru Mungu kwa sababu wameuona mng'ao. Walichokiona ni mahali ambapo vilima vimekatwa. Kukiri kunakopatikana kwa njaa hakutofautishi mwenye hatia na asiye nayo, kwa kuwa njaa huwalazimisha wote wawili kusema neno lilelile. Kwa hiyo, hata kwa anayeamini kwa dhati kwamba uchawi upo, njia hii haiwezi kumwonyesha kama ameupata. Na kile ambacho mara nyingi kilichukuliwa kuwa doa, yaani huzuni ya yatima, ugonjwa, au tabia isiyo ya kawaida, kilikuwa ni umbile la mtoto mwenyewe au kovu la msiba wake.

Muumini atapinga kwa kuleta Maandiko. Nabii Malaki alimfananisha Bwana ajaye na moto wa mfua fedha na sabuni ya dobi. Injili inazungumza juu ya kung'oa jicho linalokosesha. Wapo watakatifu waliojinyima kwa ukali. Je, upole huu si udhaifu uliovishwa nguo ya hekima? Pingamizi hili linastahili jibu, na jibu lina sehemu mbili. Kwanza, moto unaifaa fedha kwa sababu fedha ni ileile ndani na nje. Ukiyeyusha umbo lake lote na kuliunda upya, hujapoteza fedha. Mtu hayuko hivyo. Utu wake haukai katika kiini fulani ambacho kingebaki kilekile baada ya kumbukumbu, woga, mapenzi na mazoea yake kuyeyushwa. Umo katika mpangilio wa hayo yote. Pili, na hili ni muhimu zaidi, katika maandiko yale mwenye kushika moto ni Mungu, na anayeng'oa jicho analing'oa lake mwenyewe. Hakuna hata mahali pamoja pale ambapo mwanadamu anakabidhiwa tanuru ili amtie mtoto wa jirani. Penye suala la kuwachambua wengine, Injili ya Mathayo ina mfano wa magugu kati ya ngano, ambamo watumishi wenye bidii wanazuiwa kung'oa, kwa sababu mizizi imeshikamana na wao hawana uwezo wa kuitenganisha. Ukali wa mtu kwa nafsi yake unaweza kuwa ibada. Ukali huohuo ukihamishiwa kwa mwingine unahitaji ujuzi ambao dini zenyewe zinasema hatunao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa mtu wa Kisangani. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu, katika nchi isiyo ya yeyote kati yao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inataja raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760, zaidi ya elfu moja kujeruhiwa, na nyumba zaidi ya 400 kubomolewa. Hata kanisa kuu la Notre-Dame liliharibiwa. Anayekumbuka siku zile sita anaweza kuuliza: mnatuhubiria subira ya kitambaa kilicholowa, wakati asidi inaendelea kula? Je, neno la kujua kuacha silo neno ambalo wenye nguvu wamekuwa wakilitumia ili yaliyotendeka yasahaulike? Hapa ufundi wa mati unatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo hasira huyachanganya, yaani wepesi na nguvu. Rangi ya mati haivumilii nguvu, lakini haivumilii kucheleweshwa pia. Kinyesi cha ndege kilichofikiwa mapema huondoka na maji. Kikiachwa wiki nzima juani huwa kovu la kudumu. Mwenye kulipenda gari lake huanza mara moja na hugusa kwa upole, na hakuna mgongano kati ya hayo mawili. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipokea kesi ya Kongo dhidi ya Uganda mwezi Juni 1999, ikatoa hukumu tarehe 19 Desemba 2005, na ikapanga fidia ya dola milioni 325 tarehe 9 Februari 2022, ilipwe kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006 kwa sababu mahakama hiyo ilijiona haina mamlaka ya kuisikiliza. Uganda ilihukumiwa kwa mambo mengi zaidi ya Kisangani, lakini kwa wajane wa mji huu hesabu ni rahisi: miaka zaidi ya ishirini. Muda huo hauwezi kuitwa upole. Wakati sheria ilikuwa bado inaongea, kilichokuwa doa la aina ya pili, linaloweza kuyeyushwa kwa kukiri, kuhesabu na kulipa, kilikuwa kinageuka taratibu kuwa la aina ya tatu.

Hata pengo lililopo kati ya 244 na 760 lina somo lake. Mji ambao haujui kwa uhakika idadi ya wafu wake haujafika kwenye swali la kusamehe au kutosamehe. Bado uko kwenye swali la kutambua doa ni lipi na limefika wapi. Kumwambia mtu wa hapo asahau ni sawa na kupaka mafuta ya kung'arisha juu ya tope: uso utameta kwa siku chache, na tope litakuwa limefungiwa ndani. Kwa hiyo hoja ya kuacha alama haiwezi kutumiwa na mkosaji dhidi ya aliyekosewa. Kanuni ya Khawla inaanza na kuosha. Msamaha wa rangi iliyobaki humjia aliyekwisha kufua. Anayetaka wahanga wanyamaze kabla ya maji kuletwa anaomba ruhusa ambayo sheria ile haikuitoa. Na kwa upande mwingine, ikiwa haki imetendwa kwa kadiri inavyowezekana, huzuni inayobaki kwa waliofiwa haipaswi kuhesabiwa kuwa kazi isiyokamilika, jambo la kusuguliwa kwa sherehe za maridhiano hadi watu watabasamu mbele ya wageni. Wao wana haki ya kubaki na alama yao bila kudaiwa mng'ao.

Limebaki pingamizi la tatu, la mwanafalsafa: mtu si rangi. Vanishi haijiponyi, ila mtu hukua, hujifunza, hubadilika. Pengine ukali unaoharibu bati unaweza kumjenga binadamu, kama wazazi wengi wanavyoamini. Ni kweli kwamba ulinganisho una kikomo, lakini tofauti hii inaiunga mkono hoja badala ya kuidhoofisha. Kwa kuwa mtu ana uwezo wa kukua kutoka ndani, yeye ni mshirika katika usafi wake mwenyewe, jambo ambalo boneti haliwezi. Toba katika Uislamu ni ya anayetubu. Kitubio cha Wakatoliki kinadai majuto ya anayeungama, na bila majuto hayo maneno ya padri hayafanyi kazi. Dini hizi zingeweza kujenga taasisi za kuwasugua watu hadi wawe safi, na katika nyakati zao mbaya zilijaribu. Lakini mafundisho yao ya msingi yanaweka kiini cha utakaso mahali ambapo mkono wa mwingine haufiki. Kwa hiyo kama nguvu haifai kwenye uso usio na hiari, haifai hata zaidi penye hiari, kwa sababu hapo huharibu chombo pekee ambacho kingeweza kumaliza kazi. Mtoto aliyelazimishwa kukiri amefundishwa kwamba neno lake halina uhusiano na ukweli. Atatubu vipi siku atakapokuwa na la kutubia?

Tukubali basi kwamba madoa yapo. Uovu upo, na mapokeo ya Kisangani, ya msikitini na ya kanisani, yana haki ya kuutaja kwa jina lake. Linalotakiwa kubadilika ni nani anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kwa desturi tunamtaka anayeshutumiwa aonyeshe kwamba ni safi, na tunaendelea kusugua hadi aonyeshe. Rangi ya mati inaugeuza utaratibu huo, na inaugeuza kwa sababu inayoeleweka: kosa la mkono mzito halirudi nyuma, wakati kosa la mkono mwepesi linaweza kusahihishwa kesho kwa kurudia. Palipo na hasara mbili, moja ya kudumu na nyingine ya muda, akili inamtaka anayeshika kitambaa ndiye ajieleze kwanza. Mchungaji anayetaka kumfungia mtoto, hakimu anayeahirisha, mwanasiasa anayehimiza maridhiano ya haraka, mzazi anayeshika fimbo: kila mmoja aulizwe anadhani doa ni lipi, amejuaje kwamba si umbile, ni dawa gani inayoyeyusha bila kukata, na ataacha lini. Asiyeweza kujibu swali la mwisho hajawa tayari kuanza, kwa maana anayesafisha bila kujua mwisho wa kazi yake hataacha mpaka aone mng'ao, na kufikia hapo kile alichotaka kukisafisha kitakuwa hakipo tena.